Picha za Mkebe, Spinachi na Magadi

Hotuba ya ufunguzi wa maonyesho ya wanafunzi wa upigaji picha, Nairobi

Mgeni wetu wa heshima, walimu wetu, wazazi na walezi, ndugu wapiga picha wa mjini mlioacha kazi mchana huu mkaja kutuona, na nyinyi wanafunzi wenzangu: hamjambo nyote, na karibuni sana.

Darasa limenituma nieleze kazi zilizo ukutani kabla hamjaanza kuzungukia. Nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu kuna swali ambalo wazazi wengi wametuuliza mwaka huu na linastahili jibu la heshima. Wanauliza: tumelipa karo mjifunze kupiga picha, mbona mnarudi nyumbani na mikebe iliyopakwa rangi nyeusi, majani ya spinachi yaliyopondwa, na vidole vyenye madoa ya buluu yasiyotoka kwa sabuni? Simu iliyo mfukoni inatoa picha safi kuliko hizi. Huko shuleni mnafundishwa nini hasa?

Jibu langu ni kwamba kila zoezi tulilopewa mwaka huu lilitunyima kitu. Moja lilitunyima lenzi. Jingine likatunyima kamera yenyewe. Jingine likatukataza kumpiga mtu picha kabla hatujamsalimu na kumsikiliza. Na kila tulichonyimwa kilitufunulia jambo ambalo mashine ilikuwa ikituamulia kimyakimya, nasi tukidhani tumeamua wenyewe.

Nianze na mkebe, maana ndio uliowatia wazazi wasiwasi zaidi.

Kamera ya mkebe haina lenzi wala betri. Unatafuta mkebe mtupu wa maziwa ya unga, unaupaka rangi nyeusi ndani, unakata kidirisha ubavuni, kisha juu ya kidirisha hicho unabandika kipande cha bati laini kilichokatwa kwenye mkebe wa soda. Ni kwenye bati hilo unapotoboa tundu kwa ncha ya sindano. Tundu likizidi upana, picha inakuwa ukungu mtupu. Likizidi udogo, mwanga unatawanyika unapopita kwenye kingo zake, na picha inafifia vilevile. Kwa mkebe wa upana wa sentimita 10 hivi, tundu linalofaa halifiki nusu milimita. Baada ya kutoboa, unasugua bati kwa msasa laini hadi kingo ziwe safi, kwa sababu hata kijimwiba kidogo cha bati kitaonekana kwenye picha. Ukiwa gizani unaweka karatasi ya picha ndani, mkabala na tundu, unafunika mkebe, na utepe mweusi uliobandika juu ya tundu ndio shata yako. Ukiubandua, picha imeanza. Ukiurudisha, imekwisha.

Elimu hii ni ya zamani sana. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kuishi Kairo, alichunguza karne ya 11 jinsi jua lililopatwa linavyojichora ukutani mwanga wake unapopita kwenye tundu dogo. Sisi tuliongeza karatasi tu.

Sasa tazameni picha iliyo upande wangu wa kulia, ile ndefu iliyopinda kidogo pembeni kwa sababu karatasi ilikuwa imekunjwa kufuata mduara wa mkebe. Ni pale nje ya Archives, jengo la Kumbukumbu za Taifa, kati ya Moi Avenue na Tom Mboya, jioni watu wakitoka kazini. Kila mkaaji wa Nairobi anapajua mahali hapo saa hizo. Huwezi kutembea kwa mwendo wako mwenyewe, unatembea kwa mwendo wa aliye mbele yako. Wachuuzi wapo, wahubiri wapo, wanaosubiriana wapo. Lakini kwenye picha hii hakuna umati. Mkebe ulihitaji dakika kadhaa kukusanya mwanga wa kutosha kwenye kivuli cha majengo, na mtu anayepita hakai mbele ya tundu muda wa kuacha alama. Wote wamepita bila kuandikwa.

Isipokuwa watu wawili. Sogeeni karibu mtawaona. Kuna mteja amekaa kwenye kiti cha mpiga rangi viatu, mguu mmoja umekanyaga kibao, na sura yake inasomeka vizuri kwa sababu alitulia akisubiri. Chini yake ameinama fundi wa viatu. Mgongo wake upo, kofia yake ipo, kiatu cha mteja kipo na kinang'aa. Mikono ya fundi haipo. Ilikuwa ikienda mbio na brashi muda wote ule, kwa hiyo karatasi haikuiona. Yaani kilichofanya kazi kuliko vyote pale ndicho kilichofutika.

Tulipomwonyesha mwalimu picha hiyo, alitufungulia nyingine iliyopigwa Paris mwaka wa 1838 na Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa sanaa hii. Ni barabara kubwa yenye shughuli nyingi, nayo inaonekana tupu, kwa sababu bamba lake lilihitaji muda mrefu kama mkebe wetu. Pembeni anaonekana mtu mmoja aliyesimama kusafishiwa viatu. Wengi wanamhesabu kuwa binadamu wa kwanza kuonekana wazi kwenye picha. Hatukuwa tumeiona picha hiyo tulipokwenda Archives. Tulifika pale pale alipofika Daguerre kwa sababu tulikubali kufanya kazi kwa masharti aliyokuwa nayo yeye, na mji wetu bado una watu wanaopiga viatu rangi barabarani.

Kwa hiyo mzazi anapouliza tulifundishwa nini na mkebe, nasema: tulifundishwa muda. Simu hufungua na kufunga shata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na haikuulizi. Sasa tunajua kwamba kila picha inachagua nani aandikwe na nani apite, na kwamba uchaguzi huo uko mikononi mwa mpiga picha.

Niseme pia jambo moja zito. Mkebe uliofungwa utepe mweusi, ukiwa umeachwa kandokando ya barabara katikati ya Nairobi, si kitu cha kuchezea. Mji huu haujasahau Agosti 7, 1998, siku ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa kwa bomu, na eneo lenyewe la shambulio haliko mbali na pale. Ndiyo maana kanuni ya darasa ilikuwa mwanafunzi akae na mkebe wake, mkono juu yake, akiwa na barua ya chuo, na aeleze kila anayeuliza. Waliouliza walikuwa wengi, na wengi wao walibaki kutusaidia kuhesabu dakika. Nawashukuru.

Zoezi lililofuata lilikuwa kinyume chake. Tulirudishiwa kamera, tukaambiwa tufunge shata kwenye sehemu moja ya thelathini ya sekunde na tupige matatu zikiwa mwendoni. Kwa kasi hiyo, ukishika kamera bila kuitikisa, matatu inageuka mchirizi wa rangi. Siri ni kuzungusha kiuno, uifuate gari kwa lenzi tangu ikiwa mbali, ubonyeze bila kusimama, na uendelee kuifuata hata baada ya shata kufunga. Ukiweza hivyo, gari linatulia na majengo ndiyo yanayokimbia. Kuna picha moja ya kondakta anayening'inia mlangoni, uso wake wazi kabisa, Ngara yote imekuwa mistari nyuma yake. Sitakaa sana hapo, picha zenyewe zinajieleza.

Twende kwenye meza iliyofunikwa vitambaa. Hapo ndipo tuliponyimwa kamera kabisa.

Mwaka wa 1842 mwanasayansi Mwingereza John Herschel alichapisha matokeo ya majaribio mawili yanayotuhusu. La kwanza ni la kutumia maji ya mimea. Unaponda majani au maua, unachuja, unapaka maji yake kwenye karatasi na kuikausha kivulini. Kisha unalaza kitu juu yake, jani au kipande cha lesi, unabana kwa kioo, unaanika juani. Jua linaipausha rangi pale linapogusa. Palipofunikwa panabaki na rangi yake. Hakuna dawa yoyote ya dukani. Sisi tulitumia spinachi ya soko la Marikiti, na wengine biturutu. Nairobi iko karibu na mstari wa ikweta na juu ya usawa wa bahari kwa mita kama 1,700, jua letu ni kali, na hata hivyo karatasi zilikaa nje siku nyingi. Ilibidi kuziondoa kila mawingu ya mvua yalipojikusanya. Watu wa nyumbani walizoea kuona karatasi za kijani juu ya paa zikianikwa pamoja na nguo.

Tatizo la picha hizi ni kwamba haziwezi kukaziwa. Jua lililozichora linaendelea kuzila. Hata taa ya ukumbi huu inazila, polepole. Ndiyo maana zimefunikwa. Unainua kitambaa, unatazama, unakirudisha. Naomba sana mkirudishe. Kila mtu anayetazama anachukua kidogo cha picha, na darasa lilikubaliana kuwa ni halali yenu kuchukua, ila mchukue kwa kiasi ili na wa kesho wapate.

Jaribio la pili la Herschel ndilo lililotutia vidole buluu. Ni chumvi mbili za chuma zinazochanganywa na maji, unapaka karatasi, jua linafanya kazi yake kwa dakika chache, kisha unaosha kwa maji ya bomba, na pale palipopigwa na jua panabaki buluu iliyokolea. Mwaka uliofuata, 1843, Anna Atkins wa Uingereza alianza kutoa kitabu cha picha za mwani kwa njia hiyo, na baadaye wachoraji wa ramani za majengo waliitumia kwa miaka mingi kunakili michoro yao. Sisi tumenakili majani ya mihogo, nyavu za vitunguu za sokoni, na shanga za bibi ya mmoja wetu. Picha ya shanga ni ya kutazamwa kwa subira, kwa sababu mwanga umepenya kwenye kila shanga ya kioo na kuacha nukta ya buluu katikati yake, wakati shanga za udongo zimeacha kivuli kizima. Ukiangalia picha tu unaweza kuzitenganisha, ingawa mkononi zilikuwa za rangi moja.

Sasa kahawa na magadi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipojivunia nchi yetu.

Filamu ni adimu Nairobi siku hizi, na dawa za kuisafishia ni ghali. Lakini mwaka wa 1995, darasa moja la kemia ya picha katika chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, likiongozwa na mwalimu wao Scott Williams, liligundua kwamba filamu inaweza kusafishwa kwa kahawa. Ndani ya kahawa mna asidi zinazoweza kuigeuza fedha iliyoguswa na mwanga ikawa nyeusi, mradi maji yawe na ukali wa magadi soda. Wengine huongeza vitamini C ili kuipa nguvu.

Tuliposoma hayo tulitazamana. Kahawa? Magadi? Tuko Kenya! Ziwa Magadi liko kusini-magharibi mwa mji huu, Kajiado, na soda yake imechimbwa kwa zaidi ya miaka 100. Kuna jambo moja ambalo mapishi ya watu wa ng'ambo hayasemi. Magadi ghafi yanayouzwa sokoni, yale ya kulainishia githeri na maharagwe, ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu, na baikaboneti ni dhaifu kwa kazi hii. Ukiyatwanga na kuyachoma kwenye sufuria kavu kwa moto wa kutosha, ukiyakoroga, mvuke na hewa ya kaboni vinatoka, na baikaboneti inageuka kaboneti. Mama zetu wamekuwa wakitia magadi jikoni maisha yao yote, nasi tulipelekwa na zoezi la darasa hadi tukajua yanafanyaje kazi. Mchanganyiko unanuka vibaya, sitawaficha, na baadaye bado unahitaji dawa ya dukani ya kukazia picha. Lakini vipande vya filamu vilivyotundikwa kwenye kamba pale dirishani vimesafishwa kwa kahawa ya kuyeyuka ya dukani na magadi yaliyochomwa kwenye jiko la makaa, Kariobangi. Vitazameni dhidi ya mwanga. Vina rangi ya kahawia kidogo, ambayo ni doa la kahawa, na chini ya doa hilo picha ipo kamili.

Wapo wanaosema majaribio ya aina hii ni anasa, kwamba mwanafunzi wa Nairobi ajifunze harusi na matangazo apate riziki. Naiheshimu riziki, na wengi wetu tayari tunapiga harusi wikendi. Lakini aliyewahi kupika dawa yake na kutoboa tundu lake anajua kila kitufe cha kamera ya kisasa kinafanya nini na kwa nini. Bwana harusi akitoka kanisani kwenye jua la saa sita, mtu huyo hababaiki.

Na kuhusu jua la saa sita, nataka niwageukie ndugu zetu wa jumba la mikutano la KICC na bustani ya Uhuru Park, wale mnaopiga picha na kuichapisha mteja akisubiri. Zoezi la sura za watu tusiowajua lilitupeleka kwenu, maana kanuni yake ilikuwa ngumu: salimu kwanza, omba ruhusa, piga mara moja tu, na umrudishie mtu picha iliyochapishwa. Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mtu katika Ibara ya 31 na uhuru wa ubunifu wa sanaa katika Ibara ya 33, na darasani tulijadili sana jinsi haki hizo mbili zinavyokaa nyumba moja. Nyinyi mnaishi mjadala huo kila siku. Mlituonyesha kumgeuza mtu aupe jua kisogo, kumsogeza karibu na ukuta mweupe au sakafu ya saruji inayorudisha mwanga usoni, na kuongea naye hadi mabega yashuke. Mzee mmoja kati yenu alituambia tusimwambie mtu atabasamu, tumuulize anampelekea nani picha hiyo. Nimelijaribu, na uso unafunguka. Sura zilizo ukuta wa nyuma zote zimepigwa hivyo, na nakala ya kila moja iko nyumbani kwa mwenyewe.

Mgeni wetu wa heshima, nikiwa bado hapo, wenzangu wameniomba nilifikishe hili kwako: wanafunzi wamezuiwa mara kadhaa kupiga picha mahali pa wazi, na wengine kutakiwa kutoa pesa, hata wakiwa na barua. Tunaomba kuwe na kibali kimoja cha mwanafunzi, kisichouzwa, kinachotambuliwa mji mzima.

Namaliza kwa zoezi la muhula ujao, kwa sababu linawahusu nyinyi mlioketi hapa. Safari hii tumenyimwa hata kuunda picha mpya. Tutafanya kazi na negatifu za zamani za familia zetu peke yake, yaani zile filamu zilizosafishwa ambazo picha huchapishwa kutoka kwazo.

Mwalimu alitueleza habari za Priya Ramrakha, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1935. Alipiga picha za harakati za uhuru hapa Kenya na kwingineko Afrika, akafanya kazi na jarida la LIFE la Marekani wakati ambapo Waafrika waliofika huko walikuwa wa kuhesabika, na akauawa akiwa kazini kwenye vita vya Biafra mwaka wa 1968. Picha zake nyingi zilikaa miongo kadhaa kwenye gereji ya jamaa zake hapa hapa Nairobi kabla ya kugunduliwa. Zingeweza kutupwa siku yoyote ambayo mtu angeamua kufanya usafi.

Kwa hiyo wazazi wetu, na mababu na mabibi mliopo: mkirudi nyumbani angalieni chini ya vitanda, kwenye masanduku, na kwenye bahasha za studio zilizofungwa na hazijafunguliwa tena. Msitupe negatifu hata kama zina vumbi au zimeshikana, na msijaribu kuzibandua kwa nguvu. Zile kubwa za sentimita 6 kwa 6 tunaweza kuzilaza moja kwa moja juu ya karatasi ya buluu na kuzichapisha juani mkitazama, bila chumba cha giza. Tutaandika majina ya waliomo kama mtakavyotuambia, wa kulia na wa kushoto, mwaka na mahali. Negatifu yenyewe itarudi nyumbani jioni hiyo hiyo. Kuna daftari mlangoni. Atakaye kuitiwa mwanafunzi amfuate nyumbani aandike jina na mtaa, nasi tutakuja.

Maonyesho yamefunguliwa. Karibuni mzungukie, na chai iko tayari.